Siku Tatu Kuelekea Nyumba ya Moshi

Nimerudi Zombe wiki moja sasa, na kila ninayekutana naye dukani ananiuliza, "Mwikali, ile nyumba ilikuwaje?" Nimekuwa nikijibu "nitakuambia," halafu nakumbuka kwamba nimesahau chumvi na kugeuza njia. Nyinyi marafiki zangu mlinisukuma niende, kwa hivyo mnastahili jibu kamili. Naliandika mara moja, mlisome nyote, nisilazimike kulisema kwa mdomo mara kumi.

Kwa wasioijua: Nyumba ya Moshi iko mlimani, juu ya soko la Kasikeu, upande wa Makueni. Ilijengwa enzi za ukoloni na mkulima Mwingereza aliyetaka kuishi Ukambani kama babu zake walivyoishi kwao. Alikuja na mchoro wa nyumba ya ukoo wake huko Uingereza, akaamuru iwe hivyo hivyo. Paa lina mteremko mkali, kana kwamba theluji itaanguka Kasikeu. Madirisha ni marefu, yamegawanywa kwa nguzo nyembamba za mawe. Juu kuna mabomba matano ya moshi, kwa sababu kila chumba kikubwa kina mahali pa kuotea moto, katika nchi ambayo mbuzi wanatafuta kivuli saa tatu asubuhi.

Nilipokuwa nasoma usanifu wa majengo chuo kikuu nilikwenda kuichora ili niicheke. Nilikuwa na hasira na nyumba za namna ile. Kisha jua la asubuhi likaupiga ukuta wa mbele kutoka ubavuni, nikaona alama. Katika kila jiwe la pembe, na mengine mengi katikati, kulikuwa na mistari midogo iliyochongwa: mitatu iliyolala, mduara wenye mkia, kitu kama mguu wa ndege. Zilikuwa alama za koo zetu, zile zile ambazo Wakamba wanachora kwenye mizinga ya nyuki ili mwizi ajue anamwibia nani. Mafundi waliochonga mawe yale walitia sahihi zao kwenye nyumba ya mzungu, na mzungu nadhani hakuwahi kujua. Nilihesabu arobaini na moja. Mojawapo ilikuwa ya umau wangu, babu mzaa mama.

Mzungu alipouza shamba na kuondoka, babu aliachwa kama mlinzi wa nyumba. Alipokufa, binti yake mkubwa alibaki. Huyo ndiye aunti Kalekye, dada ya mama yangu. Alizaliwa nyuma ya nyumba ile na hana kipande kingine cha ardhi duniani. Mwaka huu wenye shamba walipata mnunuzi mwenye mashine ya kusaga kokoto, anayetaka mlima wote pamoja na kilicho juu yake. Kizuizi kilikuwa kimoja tu. Nyumba ikiingizwa katika orodha ya majengo ya kale yanayolindwa na sheria, hakuna wa kuigusa, na aunti anabaki kuwa mlinzi wake. Nilikuwa nimepeleka ombi, na wakaguzi wangekuja Ijumaa asubuhi kuitazama. Jumatatu nilimpigia aunti simu nikamwambia, "Wageni wa serikali wanakuja Ijumaa kuona nyumba. Mimi nitafika kesho jioni."

"Wageni wangapi?" aliuliza.

"Wawili."

"Ni sawa, mwana wakwa. Waje."

Hayo ndiyo maneno yote tuliyosema. Nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala.

Zombe hadi mtoni

Jumanne niliondoka alfajiri kwa pikapu ya mfanyabiashara wa ndengu, nimekaa mbele na futi yangu ya fundi na karatasi za michoro zilizoviringishwa. Dereva, Kilonzo, aliniuliza nabeba nini, nikamweleza. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo unaenda kuomba serikali isiache watu waibomoe nyumba ambayo serikali hiyo hiyo haijawahi kuijua?"

"Ndiyo."

"Haya."

Mvua ilikuwa imenyesha vilimani usiku ule, huku kwetu hakukuwa na tone. Tulipofika mtoni, mto ambao siku zote ni mchanga mtupu, tulikuta maji ya rangi ya chai yakipita na matawi na ndala moja ya bluu. Zamani magari yalivuka hapo hata maji yakiwa magotini. Sasa wachota mchanga wameuchimba mto hadi kuna mashimo yasiyoonekana, na hakuna dereva mwenye akili anayeingia. Tulikaa ukingoni tangu saa moja asubuhi hadi saa tisa.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa anapeleka muthokoi msibani, sufuria nzima imefungwa kwa kanga. Saa sita alikata tamaa, akaifungua. "Marehemu atanisamehe," akasema, akatugawia kwa kifuniko. Tulikula mahindi na maharagwe ya matanga tukiangalia maji. Nilimpigia aunti simu kumwambia nimekwama. Nyuma yake nilisikia wanawake wakiimba, wengi, na kitu kikigongwa.

"Kuna nini huko?"

"Ni akina mama wa kikundi. Wamekuja kunisaidia na wageni."

"Msijisumbue sana."

Akacheka. "Usikimbie njiani, mwana wakwa. Huku tuko mbele yako."

Nikafikiri wanapika. Nikafikiri wanatwanga. Mnanijua mimi, mlinipa jina la Inspekta tangu shule kwa sababu siachi kitu kipite bila kukihoji. Pale mtoni sikuhoji.

Kitui mjini

Tulifika Kitui jua likishuka, magari ya kuelekea Machakos yameisha. Nililala kwa Mama Zuhura, rafiki wa mama yangu, ambaye watu wake walitoka pwani vizazi viwili nyuma na ambaye ana hoteli ndogo karibu na msikiti. Asubuhi alinipa mahamri na mbaazi, akakaa mbele yangu kuhakikisha nimemaliza.

"Gari la kwanza linaondoka saa kumi na mbili na nusu," akasema. "Usiongee na madereva. Panda tu."

Lakini mimi ni mimi. Nilimuuliza dereva kama kweli ataondoka saa hiyo au akijaza. Nikamuuliza tairi la nyuma limeisha lini. Nikamuuliza kwa nini mkanda wa kiti changu umekatwa.

"Madam, wewe ni trafiki?"

"Mimi ni abiria."

"Basi panda kama abiria."

Nikamwambia nitasubiri la pili. Akaondoka saa ile ile aliyosema, dakika haikupungua. La pili lilikuwa bovu. Nilirudi hotelini na aibu yangu, nikakuta Mama Zuhura anamwambia mteja mmoja, "Huyu hapa. Mchukue, lakini ana maswali."

Mteja huyo alikuwa Abdi, mfanyabiashara wa mifugo kutoka upande wa Garissa, mtu mrefu mwenye ndevu zilizotiwa hina. Lori lake lilikuwa linakwenda Emali kupitia Mutomo na Kibwezi. Ukifika Emali, Kasikeu ni karibu. "Alasiri tuko Emali, inshallah," akaniambia.

Hakuniambia kwamba lori lilikuwa tupu kwa sababu mbuzi wenyewe angewanunua njiani.

Mutomo

Barabara ya Mutomo siku hizi ni lami nzuri, na lori tupu linakimbia. Abdi alitaka kujua michoro yangu ni ya nini. Nikamweleza, naye akaendesha hadi tukapita kilima kizima.

"Mzungu alichukua mlima," akasema mwishowe. "Akawafanya babu zako wamjengee nyumba ya kwao. Sasa wewe, msomi, unataka nyumba yake ilindwe. Yeye alimlinda nani?"

"Silindi yake. Nalinda alama za mafundi."

"Alama ziko kwa nyumba ya nani?"

Swali lile nilishajiuliza mwenyewe mara mia. Kwa nini kitu kiingie kwenye orodha kwa sababu kinafanana na nyumba za mabwana wa Uingereza? Kwa nini vibanda vya wafanyakazi vilivyokuwa nyuma havikuwahi kuchorwa na mtu yeyote, nikiwemo mimi? Nilimwambia ukweli, kwamba sheria inapenda majumba makubwa, na aunti yangu amejibanza ndani ya mojawapo. Ikiwa mlango pekee wa kumwokoa ni ule wa mzungu, nitapitia huo.

"Hapo nimekuelewa," akasema Abdi. "Sisi nyumba zetu tunapakia juu ya ngamia. Hakuna anayekuja kuzitazama Ijumaa."

Tulipofika Mutomo alisimamisha lori sokoni. "Nusu saa." Akaingia kati ya mbuzi kama mtu anayeingia msikitini, taratibu, akiwashika migongo. Nusu saa ikawa saa mbili. Muuzaji mmoja alikuwa hataki kuuza beberu wake bila majike wawili, na Abdi hakutaka jike mmojawapo, na hakuna aliyekuwa na haraka ila mimi.

Nilikaa kwenye kivuli cha duka nikanyoosha michoro ili isijikunje. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alikuja akaitazama, akaitazama futi yangu, akaondoka bila salamu. Alirudi na watu sita.

"Ni huyu," akasema.

"Mimi ni nani?" nikauliza.

"Wewe ni wa kupima mashamba. Tumekungoja tangu uchaguzi."

Nilieleza kwamba mimi napima majengo, na hata hayo si kwa kazi ya serikali. Mwanamke mmoja akaniambia bila ukali wowote, "Kila mmoja wenu anasema hivyo." Walikuwa na ugomvi wa mpaka ambao umegawanya ndugu wawili, na walitaka nione tu, hata kama sitapima. Nilikataa. Wakaning'ang'ania. Mwishowe nikaenda, nikidhani ni hatua mia. Ilikuwa mwendo wa nusu saa kwenye jua. Nilivuta futi kati ya mti wa miba na jiwe, nikawasomea urefu, nao wakaupokea kwa heshima kubwa ingawa niliwaambia haumaanishi chochote. Nikaletewa maziwa ya mbuzi. Mzee wa kofia alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kusema sasa atalala.

Niliporudi sokoni, lori halikuwepo. Abdi alikuwa amenitafuta, akaambiwa yule msichana wa serikali amekwenda kupima, hatarudi leo. Aliniachia ujumbe kwa mwenye duka: ataniombea. Magari ya Kibwezi yalikuwa yamekwisha, nikalazimika kulala Mutomo.

Nilimpigia aunti tena. Simu ilipokelewa, ikaanguka, ikapokelewa tena.

"Mikono yangu ni michafu," akasema. "Siwezi kuishika vizuri."

"Unakanda chapati?"

Hapo wanawake waliokuwa karibu naye wakacheka kicheko kikubwa sana. Mmoja alipaza sauti, "Mwambie ni chapati ya ukuta!" wakacheka zaidi.

Nilicheka nami. Nilidhani wanamaanisha ukubwa wake.

Kutoka Mutomo hadi Emali

Sina mengi ya kusema kuhusu Alhamisi asubuhi. Nesi mmoja kutoka hospitali ya misheni alikuwa anasafiri kwenda Kibwezi kwa gari la dada yake, akanichukua. Alikuwa ametoka kazini na alilala njia nzima mdomo wazi. Nilitazama mibuyu ikipita, halafu mkonge, halafu barabara kuu ya Mombasa na malori yake. Kibwezi nilikula ndizi mbili na yai la kuchemsha. Hadi Emali nilikaa karibu na mhubiri aliyeniuliza kama nimeokoka. Nilimuuliza kutoka nini, akabadilisha kiti.

Nilikuwa na wasiwasi, lakini wa aina ya kawaida. Nilikuwa napanga jinsi ya kuwasimamisha wakaguzi mahali panapofaa saa mbili asubuhi, jua likiwa ubavuni mwa ukuta, ili alama zitokee zenyewe bila mimi kusema neno. Nilikuwa nimeamua nianze na ya mguu wa ndege.

Kasikeu, Alhamisi alasiri

Pikipiki ilinishusha mwanzo wa njia ya mlimani saa kumi. Kutoka pale unaona mabomba ya moshi kwanza, halafu paa, halafu ukuta wa mawe ya kijivu. Niliona mabomba. Niliona paa. Chini ya paa kulikuwa na kitu cheupe kama maziwa ya unga, kikaniumiza macho, na kwa muda nilidhani ni hema.

Ilikuwa ni plasta. Ukuta wa mbele wote, kutoka ardhini hadi kwenye paa, ulikuwa umepigwa plasta ya saruji, laini kama ubao. Sehemu ya juu ilikuwa imepakwa rangi ya maziwa, na kuanzia kiunoni kwenda chini rangi nyekundu iliyokolea, kama zahanati, kama shule, kama duka la mtu aliyefanikiwa. Nguzo za mawe za madirisha zilikuwa za kijani kibichi. Juu ya mlango, kwa herufi zilizopigwa mistari ya penseli kwanza ili zisipinde, palikuwa pameandikwa KARIBUNI WAGENI WETU.

Wanawake karibu thelathini walikuwa wamekaa kwenye majani, saruji imewakaukia hadi viwikoni. Waliponiona walipiga vigelegele.

Sisi tuna mwethya. Kazi inapomzidi mtu, jirani wanakuja na majembe yao wanaimaliza pamoja, bila kuombwa mara mbili. Na sisi sote tunajua mgeni mkubwa akija unafanya nini: unapaka. Mama zetu walipaka udongo na majivu, sisi tunapaka saruji. Aunti Kalekye alikuwa amewaambia akina mama kwamba serikali inakuja kuamua kama ataendelea kukaa. Wao wakautazama ukuta mzee uliochakaa, wenye mikwaruzo kila mahali, wakamwonea huruma.

Aunti alikuja akikimbia kidogo, licha ya umri wake na magoti yake. Alikuwa na rangi ya maziwa kwenye kope.

"Sema kitu," akasema.

Niliendelea kuutazama ukuta.

Mwenyekiti wa kikundi, Mama Syombua, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aligeukia wenzake. "Mnaona? Amekosa maneno! Msomi amekosa maneno!"

"Saruji mmeitoa wapi?" nikauliza. Ndilo swali lililotoka.

"Ilikuwa ya tangi," akasema. Kikundi kilikuwa kimehifadhi mifuko ya saruji ya kujenga tangi la maji ya mvua, karibu wapige msingi. "Tangi litangoja. Wageni hawangoji."

Nilikwenda ukutani nikaweka kiganja. Bado ulikuwa na unyevunyevu. Nilijua plasta inaweza kubanduliwa. Ni kazi ya miezi, lakini inawezekana, kama jiwe la chini ni zima. Kwa hiyo nilimuuliza fundi Mutua, mwanamume pekee aliyekuwepo, aliyekuwa anaosha mwiko wake.

"Plasta imeshika?"

"Imeshika?" Alijisikia kama nimemtukana. "Siku nzima ya Jumanne tulikuwa tunaugongagonga kwa patasi. Jiwe lile lilikuwa laini sana usoni, plasta ingeteleza. Tumelitoboa lote, inchi kwa inchi. Hii haitabanduka hata mjukuu wako akija."

Kumbe nilichosikia mtoni ni hicho kilichokuwa kinagongwa.

"Na zile alama?" Nilimwelekea aunti. "Aunti, alama ya umau?"

"Hiyo niliigonga mwenyewe," akasema. "Sikutaka mtu mwingine aiguse. Nikaipaka mwenyewe, vizuri." Akanionyesha mahali, karibu na mlango, kama mtu anayeonyesha kaburi lililosakafiwa.

Sikuwahi kumwambia. Mliosoma hadi hapa mtadhani nilimwambia wakati fulani, katika miaka mitatu ya kwenda na kuchora, kwamba nyumba italindwa kwa sababu ya alama zile. Nilimwambia nyumba ni muhimu. Nilimwambia historia. Nilikuwa na kurasa thelathini kuhusu alama hizo, na watu wa chuo walizisoma, na watu wa ofisi walizisoma. Yeye alinipikia chai kila nilipokuja kuzihesabu, na sikuona haja ya kumweleza, kwa sababu nilidhani ni kitu chake, anakijua.

Ijumaa

Wakaguzi walifika saa mbili, jua likiwa mahali nilipolitaka. Mwanamume mmoja wa makamo na mwanamke kijana kuliko mimi. Kuku watatu walikuwa wamechinjwa. Kikundi kilijipanga mistari miwili na kuwaimbia kutoka lango hadi mlangoni.

Yule mwanamume alisimama katikati ya wimbo. Alikuwa na nakala ya michoro yangu mkononi. Alitazama karatasi, akatazama ukuta, akanitafuta kwa macho kati ya watu. Sina la kumlaumu. Alingoja wimbo uishe, akashukuru kwa Kikamba kizuri, ndipo akanivuta kando.

"Lini?"

"Jana wamemaliza."

"Chini kukoje?"

Nilimwambia. Aliomba apafungue mahali padogo, pembeni, nyuma ya bomba la maji ya mvua, pasiposumbua macho. Fundi Mutua alikataa, halafu akakubali kwa kuwa ni serikali, akakwangua kipande cha ukubwa wa sahani huku akinung'unika. Jiwe la chini lilikuwa limejaa vishimo kama uso uliopona ndui. Kwa mujibu wa michoro yangu pale palipaswa kuwa na mduara wenye mkia.

Yule mkaguzi wa kike alipiga picha moja. Walizunguka ndani, wakapanda ngazi, wakatazama mahali pa kuotea moto. Nilimwambia mwanamume, na nilisikia sauti yangu ikipanda, kwamba bado kuna paa, kuna ngazi, kuna mabomba.

"Dada, nyumba za kizungu zenye paa na mabomba ninazo nyingi kuliko ninavyoweza kuzilinda," akasema. "Hii ilikuwa moja peke yake kwa sababu ya uso wake."

"Kwa hiyo?"

"Nitaandika nilichoona."

Walikula. Walikula vizuri, kwa sababu wao pia ni watu wa huku na wanajua sahani ikirudi imejaa inamaanisha nini. Mama Syombua aliwafungia mapapai. Gari lao lilipopotea kwenye kona, wanawake walipiga makofi kana kwamba jambo limekwisha.

Aunti hakupiga makofi. Alikuwa amenitazama muda wote. Alinichukua hadi jikoni, akafunga mlango.

"Wamesema nini?"

Nilifikiria kumdanganya. Kisha nikamwambia yote, polepole, kwa Kikamba, kuhusu alama, na kwa nini wageni walikuja, na kwamba sasa hakuna kitu cha kuzuia mashine ya kokoto. Alisikiliza akiwa ameshika kitambaa cha kupangusia vyombo. Aliniuliza swali moja tu.

"Ungeniambia, tungewapikia tu, wakala, wakaona?"

"Ndiyo, aunti."

Alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka mezani, akakinyoosha pembe.

"Usiwaambie akina mama," akasema. "Wametoa saruji yao ya tangi."

Jumanne

Nilitaka kurudi Zombe Jumamosi. Nilibaki kwa sababu aunti alianza kutoa vitu kabatini na kuvirudisha, na sikuweza kumwacha akifanya hivyo peke yake. Jumapili baada ya kanisa Mama Syombua alikuja na wenzake watatu kutangaza uamuzi wa kikundi. Wageni walionekana wamefurahi sana, akasema, yule mwanamume hata alitokwa na machozi wakati wa wimbo. Ilikuwa imebaki mifuko michache ya saruji, haitoshi tangi. Kwa hivyo Jumanne watakuja kumaliza ukuta wa nyuma, ili wageni wakirudi wasikute nyumba ina sura mbili.

Nilifungua mdomo. Aunti alikuwa mwepesi kuliko mimi.

"Njooni," akawaambia. "Nitapika."

Barua ilikuwa imeletwa Jumamosi kutoka kwa wenye shamba, waliokwisha kusikia habari za ukuta, inampa hadi mwisho wa mwezi ujao awe amehama. Ilikuwa chini ya Biblia. Wanawake walipita mbele yake wakienda kunywa chai.

Jumanne walikuja saa kumi na mbili asubuhi, thelathini na mbili, wakiimba tangu bondeni. Ukuta wa nyuma ni wa mawe yasiyochongwa, hauna alama hata moja, niliutazama tena kuhakikisha. Fundi Mutua alinipa karai akasema msomi naye achafuke. Tulisimama mstari kutoka kwenye rundo la mchanga hadi ukutani, karai zikapita mkono kwa mkono, aunti kushoto kwangu, Mama Syombua kulia. Aunti aliimba kila kiitikio. Aliimba kwa sauti kuliko wote, na macho yake hayakuondoka kwenye ukuta ule uliokuwa ukipotea kidogo kidogo.

Mimi nilishindwa kujizuia kabla ya saa nne. Mama Syombua ndiye aliyeniona, akasimamisha mstari mzima kwa mkono mmoja.

"Jamani, leteni maji," akaita. "Saruji imemwingia mtoto machoni."

Maji yakaletwa kwenye kikombe. Aunti Kalekye aliniosha uso mwenyewe, akaupangusa kwa upindo wa kanga yake, akanirudishia karai.